Mukwa wa Mama Nyambura na Watoto wa Jumamosi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Miaka yote ya kazi nilichelewa kwa sababu ya msongamano wa barabara ya Ngong, na sasa kwa kuwa sina pa kuwahi, najua saa kamili kila dakika. Pamoja na saa hiyo mliniomba niwaandikie jinsi ya kutembeza watoto wadogo msituni bila wao kulia, na bila wazazi wao kulia pia. Haya basi. Anayetaka habari za vyeo aulize ofisini, faili langu liko huko na ni jembamba.

Nianze kwa kukiri jambo moja, maana nikilichelewesha nitalitafutia mapambo. Vifaa vyangu viwili vya kazi, vile mlivyovisifu kwenye hotuba, vyote vilitoka kwa mwanamke mmoja wa Kabiria, jirani wa msitu. Kimoja nilimnyang'anya. Cha pili alinipa bure, nami nikakiita changu.

Niliajiriwa kama askari wa msitu. Nimezaliwa Makueni, ambako miti huheshimiwa kwa kuwa ni michache, kwa hiyo nilipopewa gambuti, rungu na msitu mzima wa kulinda, nilijiona mtu mkubwa. Kazi ilikuwa rahisi kueleza: watu wasiingie. Wakiingia, watolewe. Akina mama wa Kabiria na Kawangware waliruhusiwa kuokota kuni kavu mara mbili kwa wiki, wakiwa na kibali, na mimi nilikuwa nakisoma kibali kama mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto asiyempenda.

Wiki yangu ya kwanza nilimkuta Mama Nyambura akitoka na mzigo mgongoni. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye uso usiotoa habari yoyote. Kibali chake kilikuwa kimeisha muda siku moja iliyopita. Aliniambia mjukuu wake alikuwa mgonjwa ndiyo maana hakuenda kukifanya upya. Mimi nikamwambia sheria haina mjukuu. Nilichukua kuni, nikachukua panga, nikachukua na mukwa wake, ule ukanda mrefu wa ngozi ambao akina mama wa Kikuyu hupitisha kwenye paji la uso ili kubeba mzigo. Panga alirudishiwa baadaye, kwa sababu panga lina fomu yake. Mukwa hauna fomu. Kwenye rejista niliandika "ukanda mmoja, chakavu" na kuutundika kwenye msumari wa stoo. Kuanzia wiki iliyofuata alikuja na kamba ya katani, na paji lake likawa na alama nyekundu.

Baada ya miaka kadhaa ofisi ikagundua kwamba msitu usio na watu hauna marafiki. Tukaambiwa sasa watu waingie, tena waje na watoto, kila Jumamosi, na iitwe Matembezi ya Familia. Wakatafuta mtu wa kuwaongoza. Mimi ndiye niliyekuwa nimewafukuza wengi zaidi, kwa hiyo ilionekana ndiye ninayewajua zaidi.

Siku ya kwanza nilijiandaa. Nilikariri majina ya miti arobaini, ya Kiswahili, ya Kikuyu na yale ya kitaalamu yanayovunja ulimi. Walikuja watoto kumi na wanne, wengi kutoka Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho, wamevaa viatu vyeupe. Nikawasimamisha mbele ya muhugu nikaanza kuhubiri. Kwenye mti wa pili mmoja aliomba kwenda chooni. Kwenye wa tatu wote waliomba kwenda chooni. Kwenye wa nne baba mmoja aliniuliza kwa upole kama tunakaribia kumaliza, na ukigeuka ungeliona lango. Mtoto mdogo kuliko wote alikaa chini katikati ya njia na kukataa kabisa kuendelea, na kwa kweli nilimwelewa.

Shida nyingine ilikuwa kutawanyika. Niliomba ofisi kamba ya watoto kushika, na kamba hiyo nadhani bado iko njiani. Ndipo nikakumbuka ule mukwa wa stoo. Niliushusha, nikaufuta vumbi, nikaufunga kwenye kipande cha kamba ya kuanikia nguo ili urefuke. Ngozi yake ilikuwa laini kwa kutumika, na watoto wakaipenda mara moja. Waligombania kushika sehemu pana, ile ya paji la uso. Firimbi nilijinunulia mwenyewe pale Adams Arcade, na hicho ndicho kifaa pekee nilichowahi kukipata kihalali.

Jumamosi mojawapo, baada ya matembezi yaliyoisha kwa vilio vitatu na soseji moja iliyoibwa na kima, nilimwona Mama Nyambura akitoka ndani kabisa ya msitu na mzigo wake. Mbele yake alitembea mjukuu wa miaka minne. Yule mtoto alikuwa ametembea mara tatu ya tuliyotembea sisi, na alikuwa anaimba. Nilivumilia, kisha nikashindwa. Nikamuuliza anamfanyia nini.

Aliwatazama watoto wangu waliokuwa wamelala nyasini kama majeruhi. Akautazama mukwa mikononi mwao. Aliutazama kwa muda. Halafu akanitazama mimi.

"Wewe askari unaongea mingi," akasema. "Unawaonyesha msitu. Mtoto haonyeshwi. Mtoto anatumwa."

Akaongeza jambo la pili, lakini wakati huo nilikuwa natafuta kalamu. Nikaandika la kwanza. La pili nikaliitikia tu kwa kichwa.

Ninyi mliolelewa nyumba zetu mnajua anachosema. Mtoto wa kwetu hujifunza dunia kwa kutumwa. Kaniletee chumvi kwa Mama Fulani. Kamwambie mjomba wako chai iko tayari. Miguu inamwasha kwa furaha kwa sababu amebeba neno la mtu mkubwa, na njiani huona mambo ambayo hakuna mtu angeweza kumlazimisha ayaone. Watoto wa Kileleshwa hawatumwi. Chumvi huletwa na pikipiki. Walikuwa na midoli ya kila aina na hawakuwa wamewahi kuaminiwa kubeba ujumbe.

Jumamosi iliyofuata niliacha majina yote arobaini nyumbani. Nilimwita msichana mmoja nikamnong'oneza: nenda kwenye kile kichuguu, uwaambie mchwa mvua inakuja, uniletee jibu. Alikwenda mbio, akainama pale muda mrefu, akarudi na uso wa mtu mzima. Aliniambia wamesema wako bizi, niwapigie baadaye. Mwingine nilimtuma anitafutie jani lililoliwa na mtu asiye na meno ya mbele. Mwingine akamuulize mti wa mkinduri kwa nini anatupa mbegu zake ovyo na huku mama yake amemfundisha usafi. Yule mdogo aliyekaa katikati ya njia nilimtuma kwa baba yake mwenyewe akamuulize kama anaona uchovu, na kama anaona, ampe moyo. Tulitembea mpaka mtoni na kurudi. Baba yake ndiye aliyelala nyasini.

Siri ya kazi yetu ni hiyo, na mengine ni maelezo. Msimtume mtoto mahali msipopaona. Msimpe ujumbe unaozidi sentensi moja. Msicheke jibu analoleta, hata kama konokono amemtukana mtu. Na msimtume kwa kiumbe anayeuma kabla hajala.

Nilibadilisha Jumamosi zangu kwa neno lile moja la Mama Nyambura, na mtu akiniuliza nililipata wapi, nilisema ni uzoefu. Yeye alikuwa akipita na kuni zake, anawaona watoto wameshika mukwa, anasema "Sasa, askari," nami nasema "Salama, Mama." Aliniita askari hata baada ya ofisi kunivua rungu. Nilijiambia ameshausahau ule ukanda. Nilijiambia hivyo kila Jumamosi, na jambo unalolazimika kujiambia kila wiki unalijua lilivyo.

Sasa niwaeleze siku ya Neema.

Neema alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mtaratibu, mtoto wa kuuliza swali moja na kulisubiri. Alikuja kila Jumamosi na dada wao wa kazi. Mama yake alikuja pia, kwa maana ya kwamba gari lake lilikuja. Alikuwa wakili, na alibaki langoni na kompyuta magotini na mkutano sikioni. Kwenye rejista tuliandika "mzazi: yupo". Hakuwa peke yake. Matembezi ya Familia nyakati hizo yalikuwa matembezi ya madada wa kazi, na familia ilikuwa kwenye maegesho.

Siku hiyo nilimtuma Neema kwenye muhugu mmoja ulioanguka, kama hatua thelathini kutoka njiani, nyuma ya kichaka. Nilimwambia ampe pole, amuulize mgongo unaendeleaje. Kisha, kwa mbwembwe tu, kwa sababu wazazi wawili walikuwa wananirekodi kwa simu, nikaongeza: "Na usirudi bila jibu."

Hapo hapo siafu wakaingia ndani ya suruali ya mzee mmoja. Mliowahi kuliona jambo hilo mnajua kwamba hakuna ratiba inayolistahimili. Alipiga kelele, akaanza kuvua, watoto wakashangilia, madada wakageuza nyuso, nami nikawaswaga wote mbele kwa firimbi. Tulipotulia nilihesabu vichwa: kumi na tisa, kama nilivyoandika asubuhi. Sikujua kwamba binamu mmoja wa mtu alikuwa amechelewa na kujiunga nasi njiani. Dada wa Neema alidhani mtoto ameshika mukwa nyuma. Tukaenda kuwaona vyura. Tukala mandazi. Tukarudi langoni tukicheka yule mzee.

Mama Neema akateremka kwenye gari, simu bado sikioni. "Neema ako wapi?"

Nilihesabu tena. Nilihesabu mara tatu, kana kwamba ningehesabu vizuri angetokea. Mnaniuliza mara nyingi kama niliwahi kuogopa msituni, nanyi mnafikiria chui. Niliogopa siku hiyo moja, mchana kweupe, mbele ya maegesho.

Tuliingia sote tukipiga kelele. Walinzi watatu, wazazi, madada, yule mzee wa siafu akiwa ameshika mkanda wa suruali. Tuliita Neema, Neema, na msitu ukanyamaza hata ndege. Nilipuliza firimbi mpaka kifua kikauma. Tulikwenda mtoni, na sitaandika nilichokuwa nafikiria nikiyatazama yale maji. Mama Neema alitembea nyuma yangu na viatu vyake vya ofisini, haniulizi kitu, na afadhali angenitukana.

Kwenye njia panda tukakutana na Mama Nyambura na kuni zake. Aliushusha mzigo chini bila kuulizwa. Nikamwambia mtoto amepotea, miaka mitano, amevaa sweta ya njano.

"Ulikuwa umemtuma?"

Nikasimama. Nilikuwa nimewatuma watoto kumi na tisa siku hiyo, na katika zile kelele za siafu sikukumbuka hata mmoja. Kisha nikakumbuka.

Hakuna aliyekimbia kunishinda. Nyuma ya kile kichaka, Neema alikuwa amelala kifudifudi juu ya gogo la muhugu, shavu na sikio vimebanwa kwenye gome, sweta imejaa ukungu wa kijani. Alitusikia tukija, akainua kidole mdomoni.

"Shh," akasema. "Bado anafikiria."

Nilimuuliza kwa nini hakuitika tulipoita. Alinitazama kwa mshangao wa mtu anayefanya kazi na mtu asiyekumbuka alichoagiza. Alisema kwamba nilimwambia asirudi bila jibu. Alikuwa amekaa pale saa nzima na nusu, peke yake, na alikuwa na hofu, maana alama za machozi zilikuwa zimekauka mashavuni. Lakini alikuwa ametumwa.

Mama Nyambura alifika akitweta. Hakunipandishia sauti. "Nilikuambia maneno mawili," akasema, "na wewe ulishika moja. Mtoto ukimtuma, ungoje jibu. Usipongoja, hujamtuma. Umemfukuza tu, vile umezoea."

Kisha akapiga magoti karibu na gogo, polepole, kwa mikono, akaweka sikio lake kando ya la mtoto. Akakaa hivyo kidogo. Akamwambia Neema kwamba masikio yake yamezeeka, asikilize yeye, amwambie mti umesema nini. Neema akafumba macho. Wakati huo mama yake ndiyo anafika, kiatu kimoja hana.

"Amesema mgongo umepoa kidogo," Neema akasema. Akafungua macho, akamwona mama yake. "Na ameuliza kwa nini wewe hukujangi."

Mama Neema alikaa kwenye lile gogo na suti yake, akamvuta mtoto kifuani, akalia kwa sauti. Mimi pia nililia. Kwa sababu ya wadhifa wangu nilisema ni vumbi, ingawa ilikuwa imenyesha usiku uliotangulia.

Barua ya malalamiko ilikuja Jumatatu, kurasa tatu, imeandikwa vizuri mno. Nilikubaliana na kila neno. Nilisimamishwa Jumamosi nne, na ofisi ikaweka kanuni mpya: mtoto aingie na mzazi, mzazi kwa miguu yake, simu zibaki langoni. Niliporudi kazini, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Neema, ndani ya gambuti mpya ambazo bado zilikuwa na stika ya duka. Neema alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kwenye muhugu. Nilisimama njiani nikawangoja, na nikawaambia wengine wote wangoje. Siku hiyo tulitembea hatua thelathini tu na hakuna mtoto aliyelalamika.

Mtadhani hapo ndipo nilipomtaja Mama Nyambura. Hapana. Ofisi ilichapisha bango lenye picha yangu, likaitwa Mbinu ya Kutuma. Nilipelekwa kufundisha kwenye misitu mingine. Nilieleza kanuni zote mbili, ya kutuma na ya kungoja, kwa ufasaha mkubwa, na mara moja mtu aliniuliza nimesoma wapi elimu ya watoto nikatabasamu kwa unyenyekevu. Unyenyekevu huo nauonea aibu kuliko uwongo wowote niliowahi kusema. Mama Nyambura aliendelea kupita Jumamosi na kamba yake ya katani, mpaka mwaka fulani akaacha kupita, nami nikaona nafuu. Nimeliandika hilo jinsi lilivyokuwa.

Wiki niliyostaafu nilikabidhi vifaa. Kijana wa stoo alisoma orodha: redio, vesti, rejista, sanduku la huduma ya kwanza. Alipofika kwenye mukwa akaugeuza mikononi akasema huu haumo kwenye orodha, mzee, huu ni wako. Nilitaka kusema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa fupi. Niliifungua ile kamba ya kuanikia nguo, nikaukunja mukwa, nikautia kwenye mfuko wa karatasi.

Kabiria si mbali, ila ilinichukua miaka yote ya kazi kufika. Shamba la Mama Nyambura sasa ni ghorofa nne za kupangisha, za watoto wake, na yeye anakaa chini, mlango wa kwanza, kwa sababu ya magoti. Wanapikia gesi. Yule mjukuu aliyekuwa akiimba msituni ndiye aliyenifungulia, mwanamke mzima sasa, na mtoto mgongoni. Mama Nyambura alikuwa kwenye kiti kibarazani, akiota jua.

"Askari," akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mengi, kama yale majina arobaini. Sikuyasema. Nilimwekea mfuko magotini. Alitoa mukwa, akaupima urefu kwa mikono, akapitisha kidole gumba kwenye ile sehemu pana ambayo vidole vya watoto wengi vilikuwa vimeing'arisha. Akaunusa. Aliniambia ulikuwa wa mama yake, na baba yake ndiye aliyeukata, kwa ngozi ya ng'ombe wa mahari ya kwanza nyumbani kwao.

Kisha akaniuliza, "Nani amekutuma?"

Nikamwambia hakuna. Nimejituma. Nikamwambia nimechelewa, na kwamba kila kitu walichonisifia ni chake, na bango ni lake, na naomba anisamehe.

Alinitazama na ule uso wake usiotoa habari. Akamwita mjukuu alete stuli nyingine.

"Basi kaa hapo," akasema. "Ungoje jibu."

Nikavua kofia, nikakaa.